Mwisho wa Mchi

Nyundo ya fundi Chedego iliungua msibani kwake.
Hakuna aliyekusudia. Usiku wa pili, kuni zikipungua,
mtu aliingia karakana, akapapasa gizani,
akatoka na kitu kizito, akakisukuma chini ya sufuria.
Kiliwaka mpaka alfajiri bila kulegea,
na wapishi wakaulizana: ni mti gani huu?
Mimi nilikula ugali ule. Niliongeza mara mbili.

Patasi alikuwa ameniachia, saba,
zimefuliwa kwa springi ya lori lililofia njia ya Kongwa.
Nikazigonga kwa nyundo ya chuma ya dukani.
Wiki moja tu, mipini ikachanua vichwani
kama miswaki iliyotafunwa.
Chuma hakijui kubembeleza. Hupiga, hurudi,
na kiwiko ndicho hulipa deni.

Nikakata mkwaju mbichi korongoni, nyuma ya stesheni ya Kikombo,
nikauchonga siku hiyohiyo, kwa pupa ya mrithi.
Septemba ikaja na upepo wake wa Ugogo,
upepo unaokausha mate kabla hujatema,
na kichwa cha nyundo kikapasuka toka utosini hadi shingoni,
ufa wa kupitisha sarafu ya mia.
Sikuhitaji kuambiwa methali. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Ndipo nikaukumbuka mchi.
Ulisimama nyuma ya mlango wa mama
tangu siku ile mashine ya kusaga ilipofungwa kijijini.
Mpingo. Mwembamba kiunoni, mnene miisho yote miwili,
miaka arobaini ya uwele na mtama,
mkavu kuliko kauli ya hakimu.

"Mama, nipe mchi."

Hakujibu. Alikuwa anachambua mlenda.
Akatupa kijiti kimoja kando, akatupa kingine, kisha:
"Kata upande uliokuwa unatwanga.
Pale nilipokuwa nashika mimi, niachie."

Nilidhani vumbi la msumeno litanuka unga.
Halikunuka kitu. Lilikuwa jeusi, likanitia chafya.
Tezo kwanza, baadaye kisu, mwisho kipande cha chupa.
Kichwa karibu nilikikuta tayari, mviringo,
kimelainishwa na kinu miaka yote hiyo.
Kazi ilikuwa mpini.
Unakula kidogo, unashika, unafumba macho,
unakiuliza kiganja.
Ukibaki mnene, vidole huchoka kabla ya kazi;
ukikonda, nyundo hugeuka mkononi
kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.
Karibu na shingo niliacha tumbo dogo, dole gumba lipumzike.
Kisha mafuta ya alizeti, mara tatu,
ikakae kivulini, si juani. Hilo nilikuwa nimeshajifunza.

Pigo la kwanza lilikwenda kwenye kigoda cha mninga
cha mteja wa Ihumwa anayenidai tangu Pasaka.
Halikulia ngaa. Lilisema du,
kama mtu aliyetua mzigo.
Patasi ikazama, ganda la mbao likajikunja polepole,
na kiwiko changu, kwa mara ya kwanza tangu msiba,
hakikuwa na la kusema.

Jioni naisikia nusu ile nyingine ikitwanga karanga jikoni.
Imekuwa fupi sasa; mama analazimika kuinama zaidi.
Nimemwambia nitamchongea mwingine.
Anasema huu unatosha, na haniangalii anaposema.

Chilewa, kijana ninayemfundisha, anaomba aijaribu.
Nimemkatalia. Sina uchoyo:
akatafute mti wake, umpasukie, arudi tuzungumze.
Nami nimepasha msumari moto,
nikachoma jina langu kwenye mpini,
na chini ya jina, kwa herufi kubwa,
kwa faida ya yeyote atakayeingia gizani
siku yangu ikifika:

SI KUNI.